Somo la Sita

Chumba cha kompyuta cha maktaba kilikuwa na kompyuta nane, na mbili kati yake zilikuwa zimeng'oka herufi ya M. Kila Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi mkutubi alifungua madirisha, akapangusa skrini, akapanga viti, akaweka juu ya kila meza karatasi iliyokunjwa mara mbili. Karatasi hiyo ilikuwa na masomo manane ya kumfundisha mgeni namna ya kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote anaweza kufuta alichoandika mwenzake. Saa tatu kamili darasa lilianza.

Mkutubi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kupita. Mbele ya wageni sauti hiyo ilipata mfupa. Kila mara alianza kwa maneno yaleyale.

"Wazee walisema lisemwalo lipo. Hapa lisemwalo halipo. Usiniambie unajua. Niambie umesoma wapi."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na kwa kweli ndilo lilikuwa darasa lote: sentensi bila chanzo huondolewa. Mgeni aliyefanya sahihisho lake la kwanza bila kosa alipigiwa makofi matatu na wenzake, pa, pa, pa, na mkutubi akaandika jina lake kwenye daftari pamoja na saa. Yeye mwenyewe alipigiwa makofi hayo miaka sita iliyopita, katika chumba hichohicho. Aliyekuwa akifundisha wakati huo alisema hajapata kuona mgeni mwenye mkono mwepesi namna ile.

Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kukatika waliingia watu kumi na tisa kwa pamoja. Mlinzi aliwataka waache mikoba mlangoni, wakamwonyesha mikono mitupu. Walivaa makoti ya kazi ya bluu yaliyoungua kwenye pindo, na nywele zao zilijaa punje za sponji ya manjano. Walinuka godoro lililochomwa. Mlinzi aliwahesabu, akawaambia choo kiko kushoto na hakina maji, akarudi kwenye kiti chake.

Walitia sahihi daftari. Kwenye safu ya kazi wote waliandika: magodoro. Kwenye safu ya tarehe waliandika tarehe moja ya miaka sita nyuma, na mkutubi akawaazima kifutio. Aliyetia sahihi mwisho alikuwa dada yake.

Dada huyu aliitwa Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, na jina likamfuata mpaka kiwandani alikoshona foronya za magodoro. Hakuwa ameonekana nyumbani kwa miaka sita. Mkutubi alimtazama, akaona kuwa Sindano bado ana miaka ishirini na sita. Hivyo yeye aliyezaliwa nyuma alikuwa sasa amempita dada yake kwa miaka mitatu.

"Mdogo wangu," Sindano alisema, "umenenepa."

"Kazi ya kukaa, dada. Keti pale dirishani. Ile ina herufi zote."

Hakuna aliyeketi. Mmoja wao, mzee mwenye vidole vilivyogandana, alieleza kwa adabu kwamba wasingeweza kuketi kama mlango haukuachwa wazi. Mlinzi akaleta tofali, akautegesha. Tofali halikuondoka tena.

Walikuwa wanafunzi wazuri kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Walifika kabla ya saa, hawakuomba chai, hawakuchungulia simu, na waligawana kompyuta nane bila kusukumana. Yule mzee, ambaye wenzake walimwita Mzee wa Gundi kwa kuwa ndiye aliyechemsha gundi kiwandani kwa miaka ishirini na moja, aliandika kwa kidole kimoja na hakusahau kanuni hata moja. Mlinzi aliwapenda. Jumamosi ya tatu alichungulia mlangoni akasema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa majembe hayapo basi wapewe kipanya. Kila darasa lilipokwisha, mfagiaji alizoa punje za sponji kwa ufagio na kuziweka kwenye mfuko, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima.

Somo moja tu halikufundishwa. Somo la sita lilihusu historia ya ukurasa, na mkutubi alilipita.

"La sita mtalisoma wenyewe nyumbani," alisema, kama alivyowaambia wageni wote kwa miaka sita. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Muda ulikuwa haumtoshi, basi.

Jumamosi hiyo ya tatu wakafungua makala ya kiwanda chao. Ilikuwa fupi. Ilitaja mwaka wa kuanzishwa, idadi ya magodoro kwa siku, na unene wake kwa inchi. Chini kabisa iliandikwa kwamba moto uliunguza ghala moja, na kwamba hakuna aliyefariki. Mwisho wa sentensi hiyo kulikuwa na kinamba kidogo kilichoelekeza kwenye chanzo, nacho ni gazeti la Jumatatu iliyofuata.

Mzee wa Gundi alibonyeza pale pa kuhariri, akaandika: Watu kumi na tisa walikufa. Baada ya dakika nne sentensi haikuwepo, na badala yake ulikuja ujumbe kutoka kwa mkabidhi, yaani mmoja wa wale waliopewa funguo za kufuta, kurudisha na kuzuia. Hakuna aliyemfahamu kwa sura. Aliandika vizuri.

Karibu sana, mgeni! Tunathamini mchango wako. Sentensi uliyoongeza haina chanzo, hivyo nimeiondoa. Tafadhali usikate tamaa.

Mzee wa Gundi hakukata tamaa. Aliirudisha sentensi, na mahali pa chanzo akaandika: Nilikuwepo. Safari hii mkabidhi alijibu kwa urefu zaidi. Alisema ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kuthibitishwa na msomaji, na kwamba, bila kumvunjia heshima, ilionekana mhariri ana maslahi katika jambo analoliandika.

Mzee alimgeukia mkutubi. "Kufa ni maslahi?"

Mkutubi alifikiri. "Kwa somo la nne, mzee wangu, ndiyo."

Mzee wa Gundi alitikisa kichwa polepole, akaandika hilo pembeni mwa karatasi yake.

Sindano hakuwa amegusa kompyuta. Alisubiri darasa liishe, kisha akasema anataka kwenda kumwona mama. Wakatembea. Watu wawili watatu waliomfahamu Sindano zamani walimsalimia njiani, na mmoja akamkumbusha sufuria aliyoazima.

Mama yao aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Walimkuta akikunja nguo. Aliwaitikia shikamoo zao, akatoa kikombe kisicho na ufa, akamwekea mwanawe mkubwa kiti. Ukutani picha ya Sindano ilikuwa imegeuzwa, mgongo wake wa mbao ukitazama chumba.

"Dereva hajambo?" mama aliuliza.

"Dereva gani, mama?"

"Wa lori. Huyo uliyetuacha kwa ajili yake."

Ndivyo meneja wa kiwanda alivyosema wiki ile ya moto. Mama alikwenda getini kumwulizia mwanawe, naye meneja akasoma orodha ya Jumamosi akasema jina hilo halimo, na kwamba kuna watu walimwona binti akipanda lori la mizigo, anacheka.

"Mama, sikupanda lori. Nilikufa. Nilifia kazini."

Mama alikoroga chai. "Usijiapize. Mtu akifa huandikwa."

Akanyanyuka, akafungua kopo analowekea kadi za kliniki, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa makala ya kiwanda, iliyochapishwa maktaba. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, na alipofika kwenye kile kinamba kidogo akakigusa kwa dole gumba.

"Mdogo wako ndiye aliyeniletea hii. Nilikuwa silali, nalia. Nikasoma hakuna aliyefariki. Basi nikaacha kulia, nikaanza kukasirika." Akaikunja. "Hasira ni nafuu, mwanangu. Hasira unapika nayo, unafua nayo."

Sindano alikunywa chai. Ilipita moja kwa moja ikalowesha kiti, na mama akaipangusa kwa kitambaa bila kukatisha maneno. Alisema nyumba ni yake, arudi siku yoyote atakayomwacha huyo mwanamume, na kwamba picha itageuzwa siku hiyo na si kabla.

Barabarani, Sindano alisimama kwenye kona.

"Sitaki kingine, mdogo wangu," alisema. "Sentensi moja tu. Yenye kinamba pale mwisho, mama apate pa kuweka kidole."

Jumatatu mkutubi aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya gazeti. Mhariri alimpokea vizuri na kumsikiliza mpaka mwisho. Alisema yuko tayari kusahihisha kosa lolote, hata la miaka sita, mradi lithibitishwe kwanza. Akavuta kompyuta yake, akafungua kamusi elezo, akasoma.

"Unaona," alimwambia, "hata hawa wanasema hakuna aliyefariki. Na wametaja chanzo."

Chanzo kilikuwa gazeti lake. Alifurahi kuona hivyo.

Jumamosi ya nne Sindano aliketi mbele kabisa, karatasi yake ikiwa imefunguliwa mezani.

"Somo la sita," alisema.

"Muda hautoshi, dada."

"Sisi muda tunao," alisema Mzee wa Gundi, na wote kumi na tisa wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu waje, mpaka punje za sponji zikadondoka mabegani mwao.

Basi mkutubi akafundisha somo la sita. Aliwaambia kwamba katika kamusi elezo hakuna kinachofutwa kweli. Kila ukurasa una historia yake, na kila badiliko limo humo na saa yake, na jina la aliyelifanya, na sababu aliyoitoa. Asiyejiandikisha huonekana kwa namba ndefu badala ya jina. Ukitaka kujua sentensi imetoka wapi, unashuka tu. Alisema haya akiwa amewapa mgongo, akitazama ukuta.

Wakafungua historia ya makala ya kiwanda, wakashuka. Waliyapita masahihisho ya Mzee wa Gundi. Waliipita miaka sita ambayo mtu alibadilisha nukta, na mwingine akairudisha. Walifika mahali ilipoongezwa sentensi ya kwamba hakuna aliyefariki. Jina lililokuwa mbele yake lilikuwa la mkutubi. Sababu aliyoitoa: nimeongeza chanzo.

Mwanamke mmoja wa idara ya kukata sponji alikohoa.

"Bado kuna chini," alisema Sindano, akashuka tena.

Chini kulikuwa na Jumamosi ya moto yenyewe. Sindano alisoma kwa sauti, kama mtoto anayesoma ubaoni, kidole kwenye skrini.

Saa nne na dakika tatu, namba ndefu ilikuwa imeandika: Mlango umefungwa kwa nje. Tuko kumi na tisa. Njooni. Saa nne na dakika tano sentensi hiyo ilitenguliwa, ikaondolewa. Sababu: hakuna chanzo. Saa nne na dakika tisa namba ileile iliandika tena maneno yaleyale, ikaongeza: Moshi. Saa nne na dakika kumi ilitenguliwa. Sababu: hii si lugha ya kamusi elezo. Saa nne na dakika kumi na nne namba iliandika: Njooni tafadhali. Ilitenguliwa dakika hiyohiyo. Sababu: tafadhali acha kuharibu makala. Mara zote tatu aliyetengua alikuwa mmoja.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mkabidhi. Alikuwa ameizuia namba ile isiandike kwa saa ishirini na nne, kwa kurudia kosa mara tatu. Saa hizo hazikuhitajika zote.

Kwa wiki nne mkutubi hakuwa ameshtuka. Hakushtuka alipowaona mlangoni, wala chai ilipopita. Sasa alishtuka. Aliketi sakafuni katikati ya punje za sponji. Alikumbuka asubuhi ile. Alikumbuka kiti alichokalia, cha tatu kutoka dirishani, na mwalimu aliyesimama nyuma yake akimwambia mzaha kama huu huletwa na watoto wenye simu, utengue tu, usiwaogope. Aliutengua. Alitengua mara tatu, kila mara upesi kuliko ya kwanza. Na chumba kizima, watu kumi na wawili, walimpigia makofi. Kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

"Hiyo namba," alisema.

"Ni simu yangu," Sindano alisema. "Msimamizi alikuwa anatukusanyia simu asubuhi. Yangu niliificha ndani ya foronya. Salio lilikuwa limekwisha. Zimamoto niliwapigia kwa namba ya bure, hawakupokea. Kilichofunguka ni kamusi elezo tu, kampuni ya simu ilikuwa imeiacha bure. Nikasema huko watu wanasoma."

"Nilisoma," mkutubi alisema kutoka sakafuni. "Mimi nilisoma, dada."

"Ndiyo. Dakika mbili tu. Hakuna mtu mwingine aliyesoma haraka hivyo."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa akilisema jambo lilivyo, na aliliweka na saa yake, kama karatasi ilivyoagiza. Mzee wa Gundi aliinama kumsaidia mkutubi kuinuka, mkono wake ukiwa mwepesi kama gamba la kitunguu.

"Somo la pili," alimkumbusha. "Mchukulie mwenzako kuwa ana nia njema. Tulikuchukulia hivyo, binti yangu. Hata kule ndani."

Mkutubi alimwandikia mkabidhi siku hiyo. Alimweleza kila kitu, akamwekea kiungo cha historia, akamwuliza kama mistari ile mitatu haitoshi. Jibu lilikuja kabla ya saa sita. Mkabidhi alimshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu. Alimkumbusha, ingawa alijua hahitaji kukumbushwa, kwamba kamusi elezo haiwezi kuwa chanzo chake yenyewe, na kwamba maneno yaliyoondolewa kwa kukosa chanzo hayapati chanzo kwa kuwa yaliondolewa. Alimaliza kwa kusema: Pole kwa msiba, kama upo.

Mkutubi alichapisha ukurasa wa historia akampelekea mama. Mama alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akarudia mara mbili pale palipoandikwa njooni tafadhali. Kisha akavua miwani.

"Haina jina," alisema. "Ni namba."

Lakini hakuitupa. Aliikunja akaiweka ndani ya kopo pamoja na ile nyingine, kwa kuwa zote mbili zilikuwa karatasi za maktaba. Picha ilibaki kama ilivyokuwa.

Wale kumi na tisa hawakuacha kuja. Walijifunza masomo yote manane, na walipoyamaliza wakawa wanafanya kazi. Waliandika kuhusu mito, ndege na aina za misumari, wakatafuta vyanzo kwenye rafu za maktaba na kuvirudisha mahali pake. Makala ya Mzee wa Gundi kuhusu gundi ilikuwa na vyanzo arobaini na kimoja, na ilichaguliwa kuwa makala bora ya mwezi. Mkabidhi alimtumia nyota. Mfagiaji naye alipata sponji ya kutosha, akashona mto mmoja, akauweka kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani kwa kuwa ndicho kilikuwa na mbao ngumu kuliko vyote.

Kila Jumamosi saa nne na dakika tatu Sindano aliandika tena sentensi yake ya mlango uliofungwa kwenye makala ya kiwanda. Aliiandika mara moja tu, maana alijua ukirudia mara tatu unazuiwa. Kwa kawaida ilidumu dakika nne. Mkutubi hakuigusa. Dakika hizo alikwenda kusimama mlangoni, mguu wake ukiwa juu ya tofali, akitazama nje kama mtu anayesubiri kuletewa kitu.

Siku moja alikuja mgeni aliye hai, msichana anayesomea uuguzi, mwenye haya nyingi. Alipewa kiti chenye mto. Alisikiliza somo la kwanza kwa makini, akaandika maneno ya mkutubi kwenye kiganja. Saa nne na dakika saba aliinua mkono.

"Mwalimu, kuna mtu kaandika kitu bila chanzo. Anasema sijui mlango umefungwa. Nimeshatengua."

Mkutubi aligeuka pale mlangoni. Wale kumi na tisa nao waligeuka. Msichana aliangalia nyuso zile, akaanza kushusha mkono.

"Nimekosea?"

Mkutubi alikwenda mezani, akaifungua karatasi ya masomo, ingawa aliijua kwa moyo. Aliisoma yote, kuanzia juu.

"Hapana," alisema. "Hujakosea."

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Sindano, kwa kuwa ndiye aliyeketi karibu. Wengine kumi na wanane walimfuata, kama ilivyo desturi ya darasa. Pa, pa, pa. Punje za manjano zilipaa kutoka kwenye viganja vyao zikaelea kwenye mwanga wa dirisha, na msichana akajifunika uso kwa furaha. Mkutubi alivuta daftari, akatafuta mstari mtupu, akaandika jina la msichana na saa.